Viti Saba vya Nairobi na Njia Inayopita Malindi

Julai 2025 ilipoingia, baraza moja la Langoni, hapa Lamu, liliacha kuzungumza bei ya samaki na siasa za kaunti. Mazungumzo yote yakawa mirathi. Tarehe 30 Juni majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya, huko Nairobi, walikuwa wameamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Mwislamu, na kila aliyepita kichochoroni alikuwa na lake la kusema. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao aliniona napita, akasita na kete mkononi.

"Ndoo uketi, mwanangu. Wewe umesoma. Huyo hakimu wa Nairobi alomshinda kadhi ni nani, na nani alomweka?"

Swali fupi, lakini ndani yake mna makosa matatu, na wala si ya mzee peke yake. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwa vijana wa chuo. Aliyeamua si hakimu. Hakuwa mtu mmoja. Na aliyeshindwa, ukifuata kesi yenyewe, hakuwa kadhi. Nimeona niyafumue hapa kwa nafasi, maana siku ile barazani sikumaliza hata nusu.

Sehemu ya lawama ni ya Kiswahili chetu wenyewe. Neno hakimu lilitutosha zamani kwa kila aliyekalia kiti cha hukumu, na kadhi alikuwapo Pwani hii kabla Mwingereza hajaijua njia ya Shela. Jaji ni neno la Kiingereza tulilolivisha kanzu. Sheria ya Kenya imeyatenga maneno haya matatu. Hakimu na kadhi wote wawili wako katika mahakama za chini: hakimu anasikiza wizi, ugomvi, madai na mengineyo katika mahakama kama za Lamu mjini na Mpeketoni, na kadhi, kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba, anaamua ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Jaji anaanzia juu yao, katika Mahakama Kuu.

Hapo ndipo mtego wa pili unapotegwa. Mahakama Kuu si kuu kuliko zote. Juu yake ipo Mahakama ya Rufaa, na juu ya hiyo ipo Mahakama ya Juu, ambayo baadhi ya magazeti huiita Mahakama ya Upeo. Kisha kuna Jaji Mkuu, ambaye jina lake lingekufanya udhani anaketi Mahakama Kuu, kumbe yeye ndiye rais wa Mahakama ya Juu. Ndugu zetu wa Tanzania hawana tabu hii: kwao Mahakama ya Rufani ndiyo mwisho wa safari. Nasi tulikuwa hivyo hivyo. Wakati wa ukoloni Mahakama Kuu yetu iliitwa kwa Kiingereza jina lile lile tunalolitumia leo kwa Mahakama ya Juu, na rufaa zake zilikwenda kwenye mahakama ya pamoja ya Afrika Mashariki, na nyingine hadi London. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufaa, na hiyo ikawa kilele hadi Katiba ya 2010 ilipojenga orofa moja zaidi. Majaji wa kwanza wa orofa hiyo waliapishwa mwaka 2011. Yaani chombo tunachokizungumza kama kwamba kimekuwapo tangu enzi za Sultani hakijamaliza hata kizazi kimoja.

Viti vyake ni saba: Jaji Mkuu, Naibu wake, na majaji wengine watano. Kesi haisikizwi mpaka wawepo watano kwa uchache.

Sasa turudi kwenye ile kesi ya mirathi. Ilianza kwa mjane na watoto wa marehemu kuvutana juu ya mali. Jaji wa Mahakama Kuu ya Mombasa alifuata sheria ya Kiislamu, akaona waliozaliwa nje ya ndoa si warithi. Mahakama ya Rufaa ikapindua mwaka 2023. Mjane akapanda Mahakama ya Juu, nayo ikaikataa rufaa yake. Kwa hiyo hukumu iliyoanguka ilikuwa ya jaji wa Mahakama Kuu, na ilikwisha kuanguka miaka miwili kabla ya baraza letu kuchemka. Kilichopimwa Nairobi ni Ibara ya 24(4) ya Katiba, inayoruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa kiasi kinachohitajika kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi. Majaji wakasema ruhusa hiyo ni finyu, na haitoshi kumbagua mtoto kwa jambo ambalo hakulitenda yeye. Wako masheikh walioghadhabika, na hoja yao si ya kupuuzwa: mahakama za kadhi ziliwekewa ahadi maalumu katika makubaliano ya Oktoba 1963, ukanda wa Pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani, ulipounganishwa na Kenya, na watu wa Pwani hawajaisahau ahadi ile. Lakini mzee aliuliza ni nani huyo, hakuuliza kama amekosea. Basi twende kwa huyo nani.

Kwanza, hachomoki Nairobi kama uyoga. Chukua mfano wa Jaji William Ouko. Aliingia Idara ya Mahakama mwaka 1987 akiwa hakimu wa wilaya, wa mahakama za chini kama hakimu unayemkuta leo akisikiza kesi ya mbuzi aliyeibwa. Mwaka 2004 akawa jaji wa Mahakama Kuu, na miongoni mwa vituo alivyotumikia ni Malindi. Ukifungua hukumu za Malindi za miaka ile utaukuta mkono wake: rufaa za wafungwa, mashamba, ugomvi wa kila namna. Baadaye akapanda Mahakama ya Rufaa, akawa rais wake, na mwaka 2021 akafika kwenye mojawapo ya vile viti saba. Hesabu: miaka 34 tangu kiti cha hakimu.

Martha Koome alipita mlango mwingine. Alikuwa wakili wa kujitegemea, mmoja wa waanzilishi wa chama cha mawakili wanawake nchini, kisha jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2003, kisha Mahakama ya Rufaa. Huko kwenye rufaa aliketi katika jopo lililohudumia Mombasa na Malindi, pamoja na majaji Visram na Karanja, na kesi za uchaguzi wa 2017 za upande wetu zilipita mikononi mwao. Mei 2021 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kwa hiyo yule anayeonekana kwenye runinga akisoma uamuzi wa urais ni mtu aliyewahi kuijua joto ya Malindi ya mwezi wa Machi, akiwa amevaa joho.

Nayasisitiza haya kwa sababu tumezoea kumfikiria jaji wa juu kama mtu wa bara asiyejua mnazi unapandwa vipi. Wengine ni hivyo, sikatai. Lakini utaratibu wa kuhamisha majaji kituo hadi kituo umewafanya wengi wao wapitie Pwani kabla ya kufika juu. Hata David Maraga, Jaji Mkuu wa tangu 2016 hadi Januari 2021, alitumikia Mombasa alipokuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Mlango wa tatu ndio unaowashangaza watu: unaweza kufika Mahakama ya Juu bila kuwa jaji hata siku moja. Ibara ya 166 inataka uzoefu wa miaka 15, na uzoefu huo unaweza kuwa wa ujaji, wa uhakimu, wa uwakili au wa ualimu wa sheria, au mchanganyiko wa hizo. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa kwanza wa Mahakama ya Juu, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na mtetezi wa haki aliyewekwa kizuizini mwaka 1982. Njoki Ndung'u alikuwa mbunge wa kuteuliwa aliyeusukuma mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Smokin Wanjala alitoka katika tume ya kupambana na ufisadi. Hawa watatu waliingia mwaka 2011 pamoja na majaji wa muda mrefu kama Jackton Ojwang na Philip Tunoi, na mchanganyiko huo ulikuwa wa makusudi. Nakumbuka siku Mutunga alipohojiwa. Mjini kwetu hawakuzungumza falsafa yake ya sheria, walizungumza hereni aliyovaa sikioni. Mahojiano yalikuwa hadharani, kwa mara ya kwanza nchi ikimwona mtu anayeomba ujaji akiulizwa maswali mbele ya kamera. Kabla ya hapo jaji alitangazwa kama anavyotangazwa mkuu wa wilaya: unasikia jina, basi.

Kati ya wale saba wa kwanza yumo mmoja ambaye maisha yake yangetosha makala peke yake: Mohammed Ibrahim. Alikuwa wakili wa kwanza wa jamii ya Wasomali wa Kenya, alipokubaliwa mwaka 1983. Julai 1990, katika msukosuko wa Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, serikali ikamtia kizuizini bila mashtaka pamoja na mawakili wenzake John Khaminwa na Gitobu Imanyara. Miaka 13 baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu, na 2011 akapanda Mahakama ya Juu. Ungedhani huko juu mtu ametulia. La. Katiba mpya ilitaka kila jaji aliyekuwapo kabla ya 2010 apigwe msasa, na mwaka 2012 bodi iliyopewa kazi hiyo ikasema hafai, kwa kuwa alipokuwa Mahakama Kuu alichelewesha hukumu nyingi. Aliomba uamuzi huo uangaliwe upya, akasafishwa, akarudi kazini. Mimi hapa nina maoni mawili yasiyopatana. Kumwambia mtu aliyelala korokoroni kwa ajili ya haki kwamba hafai kutoa haki ni ukali. Lakini mtu wa Lamu anayepanda mashua hadi Mokowe, akapanda basi hadi Malindi, kisha akaambiwa hukumu haijaandikwa, njoo mwezi ujao, huyo naye ana haki ya kukasirika, hata kama jaji wake ni shujaa.

Nani alomweka, aliuliza mzee. Anayemchagua jaji ni Tume ya Huduma za Mahakama, yenye watu 11: Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti, kisha wawakilishi wa majaji na mahakimu waliochaguliwa na wenzao, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mjumbe kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wananchi wawili wasio wanasheria. Tume inatangaza nafasi, inahoji, inapeleka jina kwa Rais. Rais anateua. Jina la Jaji Mkuu na la Naibu wake hupita kwanza Bunge la Kitaifa. Hao wengine watano hawapiti huko.

Je, Rais anaweza kukataa? Katiba haimpi nafasi hiyo, lakini kalamu ni yake. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina 41 ya majaji wa mahakama nyingine, na Rais Uhuru Kenyatta akayakalia karibu miaka miwili. Mmoja akafariki akingoja. Juni 2021 Rais akateua 34, akawaacha sita, na sita hao wakaja kuapishwa Septemba 2022 baada ya William Ruto kushika madaraka. Basi jibu la kweli ni kwamba jaji huwekwa na Tume, ila anaweza kucheleweshwa na mtu mmoja.

Na kazi yenyewe? Hapa ndipo watu huota mengi. Jaji wa Mahakama ya Juu hasikizi mashahidi wa wizi wala hahukumu wauaji. Ukiacha kesi ya uchaguzi wa urais, inayoanzia kwake moja kwa moja, kesi inamfikia ikiwa imekwisha kupita Mahakama ya Rufaa, na inamfikia kwa milango miwili tu: ama inahusu tafsiri au utekelezaji wa Katiba, ama imeidhinishwa kuwa jambo lenye maslahi kwa umma wote. Kaunti au serikali kuu inaweza pia kuomba ushauri wa mahakama hiyo kuhusu mambo ya ugatuzi. Ugomvi wako na jirani juu ya ukuta, hata ukiudhi vipi, utaishia Rufaa.

Lakini kile kidogo anachoamua humshukia kila mtu, kwa sababu mahakama zote za chini zimefungwa na uamuzi wake. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, majaji walisema si halali sheria kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kuangalia mazingira ya kosa. Wafungwa wa makosa mengine wakakimbilia huo uamuzi, na Julai 2021 ikabidi mahakama ifafanue kwamba ilizungumzia mauaji tu. Aprili 2023 ikaja kesi ya Dina Management, juu ya kiwanja cha Nyali kilichokuwa eneo wazi la umma karibu na ufuo kabla ya kugeuzwa mali ya mtu. Aliyenunua alikuwa na hatimiliki. Majaji wakasema karatasi pekee haitoshi. Kama mzizi wa hatimiliki ulitolewa kinyume cha utaratibu, mnunuzi wa mwisho hasalimiki kwa kusema sikujua. Mtu wa Malindi asome uamuzi ule mara mbili kabla ya kununua kiwanja cha pwani. Nasema hivyo nikijua ni wangapi wameonyeshwa ufuo, wakaonyeshwa karatasi, wakatoa pesa.

Hakuna hata mmoja wa wale saba anayeamua peke yake, na hilo ndilo kosa lililobaki katika swali la mzee. Kesi ya urais inawapa siku 14 tangu kufikishwa kwao. Agosti 2017 walianza saba, Jaji Ibrahim akaugua katikati, wakabaki sita. Tarehe 1 Septemba wanne kati yao, Maraga, Philomena Mwilu, Wanjala na Isaac Lenaola, wakaufuta uchaguzi. Ojwang na Ndung'u wakapinga, na upinzani wao umeandikwa kwa kirefu, upo kwa anayetaka kuusoma. Mwezi uliofuata baada ya hapo ukaonyesha upande mwingine wa hesabu ya viti. Tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kulikuwa na ombi la kuusimamisha. Waliofika mahakamani ni Maraga na Lenaola tu. Dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi usiku wa kuamkia siku hiyo. Wawili si watano. Maraga akatangaza kwamba akidi haikutimia, watu wakarudi makwao, na uchaguzi ukafanyika kesho yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nguvu ya jaji wa juu kabisa inaweza kuzimwa kwa kiti kitupu.

Kumwondoa ni kazi nzito: malalamiko yafike kwenye Tume, Tume imwombe Rais aunde jopo la uchunguzi, jopo lipendekeze. Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa kwanza, alifikia hapo kwa ugomvi na mlinzi wa kike kwenye jengo la maduka la Nairobi mkesha wa mwaka mpya wa 2012. Jopo likaona hafai, naye akajiuzulu mwaka huo huo.

Wengi hutolewa na umri. Anaweza kustaafu akifika 65, na akifika 70 ni lazima. Kalpana Rawal na Philip Tunoi walidai kwamba wao, kwa kuwa waliteuliwa chini ya katiba ya zamani, umri wao ni 74. Wakashindwa Mahakama Kuu, wakashindwa Rufaa, kisha wakapeleka shauri kwenye mahakama ambayo wao wenyewe walikuwa majaji wake. Wahenga wetu walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, na nchi nzima ilikaa ikitazama. Juni 2016 wenzao hawakuwaokoa, na wawili hao wakaondoka. Kwa Jaji Mkuu kuna kikomo cha ziada, miaka kumi kitini. Koome, aliyezaliwa 1960 na kuapishwa 2021, atafikiwa na umri mwaka 2030 kabla ya miaka kumi kutimia.

Mzee alinisikiza mpaka hapo, bao limesimama. Akauliza kama mtu wa Amu, yaani Lamu yetu, anaweza kukalia kiti kile. Nikamwambia mjukuu wake wa kike, aliyekuwa gredi ya tisa, anaweza: miaka mitatu ya sekondari, minne ya chuo kikuu, mmoja na nusu au miwili ya Shule ya Sheria na mafunzo ya uwakili, kisha ile 15. Akachota kete shimoni, akazipanga moja moja juu ya saruji mpaka zikafika 24. Akazitazama kidogo.

"Na mimi nina themanini," akasema, akazirudisha shimoni. "Haya, zamu ya nani?"